Sura ya Nne: Kumjua Mbu wa Mahali Pako

Duniani kuna spishi zaidi ya 3,500 za mbu, lakini malaria ya binadamu huenezwa na mbu wa jenasi moja tu, Anopheles. Hata humo, kati ya spishi zaidi ya 400, ni takriban 70 tu zenye uwezo wa kuieneza. Mbu wengi wanaovuma masikioni mwa watu wa mijini ni Culex, wanaozaliana kwenye vyoo vya shimo na mitaro ya maji machafu. Wanaweza kueneza matende na mabusha, ila malaria hawaenezi.

Kwa nini basi Afrika hubeba zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa wa malaria duniani? Sababu moja kubwa ni tabia ya mbu wetu. Ili malaria ienee, mbu jike lazima ang'ate watu mara mbili. Kwanza hufyonza vimelea kwa mgonjwa, kisha huishi kati ya siku 10 na 14 hivi, huku vimelea vikikomaa hadi kufika kwenye tezi zake za mate, ndipo amng'ate mtu mwingine. Mbu ambaye nusu ya milo yake huipata kwa ng'ombe, uwezekano wa milo yote hiyo miwili kuwa ya binadamu ni robo tu. Anopheles gambiae humtafuta binadamu karibu kila anapohitaji damu, na hapo ndipo penye hatari yake.

Kwa muda mrefu gambiae alidhaniwa kuwa spishi moja. Katika miaka ya 1960 watafiti waliwapandisha mbu wa sehemu mbalimbali za Afrika, na madume waliozaliwa wakawa tasa. Ikabainika kwamba ni spishi kadhaa zinazofanana kiasi kwamba hata hadubini haizitenganishi kwa uhakika. Leo hutambuliwa kwa vinasaba. Anopheles merus huzaliana kwenye maji ya chumvichumvi ya pwani ya Afrika Mashariki. Anopheles bwambae anajulikana kwenye chemchemi za maji moto za Semliki, magharibi mwa Uganda. Anopheles quadriannulatus hupendelea wanyama, wala hahesabiwi kuwa mwenezaji wa malaria. Anopheles arabiensis huvumilia ukame, hung'ata watu na ng'ombe, ndani na nje ya nyumba.

Tofauti hizo huamua nani anusurike. Vyandarua vyenye dawa vilipoenea magharibi mwa Kenya na katika bonde la Kilombero, Tanzania, gambiae halisi, mwenye mazoea ya kung'ata ndani usiku wa manane, alipungua sana. Arabiensis akabaki, kwa kuwa aliweza kushiba nje, kwa mifugo au kwa watu ambao hawajaingia kulala.

Lakini anayenaswa kwa wingi si lazima awe ndiye anayeua. Huko huko Kilombero, arabiensis alijaza mitego, ilhali utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya maambukizi yalitokana na Anopheles funestus. Huyu hutaga kwenye maji ya kudumu yenye majani, kwa hiyo huendelea kuzaliana hata madimbwi ya mvua yanapokauka. Tena amejenga usugu dhidi ya dawa zilizotiwa kwenye vyandarua vingi.

Sasa amekuja mgeni kutoka Asia, Anopheles stephensi. Alionekana Djibouti mwaka 2012, Ethiopia mwaka 2016, na mwaka 2022 akapatikana kaskazini mwa Kenya. Yeye huzaliana kwenye matangi na mapipa ya maji safi, hivyo anaweza kuileta malaria katikati ya miji ambayo wakazi wake walijiona salama.

Hakuna silaha moja inayowatosha mbu wote hawa. Chandarua kinaokoa maisha na lazima tuendelee kukitumia, lakini penye funestus mazalio yake ya kudumu yatafutwe na dawa zibadilishwe, penye arabiensis tufikirie kinga ya nje, na penye stephensi kila tangi lifunikwe. Kila wilaya iwe na watu waliofunzwa kuwanasa mbu, kuwatambua na kupima usugu wao kabla fedha ya dawa haijatumika. Kuwalipa wataalamu hao ni sehemu ya tiba ya malaria.