Je, Wajua? Msamaha wa Ushuru Hauvushi Nyama Isiyopimwa

Je, wajua kwamba ng'ombe anayetoka Kibiti, katika bonde la Rufiji nchini Tanzania, hawezi kuvuka wilaya kihalali bila kibali cha kusafirisha mifugo? Ndivyo inavyotaka Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003.

Mifugo iliongezeka sana katika bonde hilo baada ya 2006, wafugaji walipoondolewa maeneo ya Usangu na Ihefu kulinda vyanzo vya maji. Huko Rufiji walikuta ardhi yenye majani, lakini pia yenye unyevu unaowafaa konokono wanaoeneza minyoo bapa ya ini. Ndiyo maana machinjioni mkaguzi hupasua ini na kutazama mirija ya nyongo. Hukagua pia mapafu na tezi akitafuta dalili za kifua kikuu. Kiungo kibovu hutupwa. Nyama iliyofaulu hupigwa muhuri.

Mpakani mambo huchanganya wengi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo: mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, ukiwa kwenye orodha iliyokubaliwa, husamehewa ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa.

Msamaha huo haugusi afya. Cheti cha daktari wa mifugo bado kinatakiwa, na ni haki kabisa: mwaka 2007 homa ya Bonde la Ufa iliua watu zaidi ya 100 Tanzania, na miongoni mwa njia zake za kuambukiza ni kugusa damu ya mnyama mgonjwa wakati wa kuchinja.