Dodoki, Sifongo na Sponji: Maana ya Maneno na Matumizi Yake Katika Hati za Chama



Katika hati za ushirika, neno moja huweza kubeba fedha za watu wengi. Hapa Mtera hakuna katibu wa wavuvi awezaye kuandika "kambale" mahali pa "perege", kwa kuwa mnunuzi aliyeagiza samaki wa aina moja hatakubali kupokea wa aina nyingine. Uangalifu huo huo unatakiwa kwa kitu kidogo tukitumiacho kila siku, yaani kile cha kusugulia mwili wakati wa kuoga. Majina yake ni matatu, nayo huchanganywa mara kwa mara.

Dodoki ni tunda la mdodoki, mmea utambaao ulio wa jamaa moja na maboga na matango. Tunda likiwa changa huweza kupikwa kama mboga. Likiachwa likomae na kukauka, ganda hubanduliwa, mbegu hukung'utwa, na hubaki wavu wa nyuzi ngumu ambazo hulainika zikilowekwa. Husemwa dodoki hili, madodoki haya. Mahali penye maji karibu, mwanachama aweza kuupanda mdodoki kando ya ua wa nyumba yake.

Sifongo hutoka baharini. Watu wengi wa bara wamelijua neno hili katika Injili, katika habari ya sifongo iliyojazwa siki. Waarabu husema isfanji, nao walilipata neno hilo kutoka kwa Wayunani, ambao wapiga mbizi wao wamevuna sifongo tangu zama za kale. Ingawa hukaa mahali pamoja kama mmea, sifongo ni mnyama. Hana ubongo wala tumbo. Hupitisha maji katika vitundu vya mwili wake na kuchuja humo chakula chake. Kile tuogeacho ni mifupa yake laini, iliyobaki baada ya nyama kuoza na kuoshwa. Kwa kitu hicho husemwa sifongo hii, sifongo hizi.

Hapa kwetu Tanzania zao hili hulimwa huko Jambiani, Unguja. Kilimo cha mwani kilianza kwa biashara katika pwani hiyo mwaka 1989, na baadaye joto la maji likaupunguza mwani wenye bei nzuri. Baadhi ya akina mama wakaingia katika kilimo cha sifongo: vipande hufungwa kwenye kamba baharini, hukua, na sehemu yake hukatwa tena kuwa mbegu.

Huenda mwanachama akauliza kama bwawa letu lingeweza kutoa zao hilo. Wapo sifongo wa maji baridi duniani, lakini miili yao ina vijisindano vigumu vyenye asili ya kioo, navyo huwasha ngozi. Sifongo wa kuogea ni wa baharini tu.

Sponji ni kitu cha kiwandani, kitengenezwacho kwa kemikali zitokanazo na mafuta ya petroli. Ndiyo ile ya magodoro, na vipande vyake huoshea vyombo na magari.

Tofauti hizi zina uzito wa kisheria. Kitu kinapouzwa kwa maelezo, sheria ya mauzo ya bidhaa hudai kwamba kilingane na maelezo hayo. Chama kikiandika "sifongo" katika mkataba kisha kikapeleka madodoki, mnunuzi ana haki ya kuyakataa, hata yakiwa mazuri kiasi gani. Hasara itakuwa ya wanachama walioyalima. Wala haitoshi kuongeza maneno "ya asili", kwani dodoki na sifongo vyote ni vya asili.

Kwa hiyo, katika leja, ankara na mikataba, yafaa kila katibu azingatie haya:

1. Aandike jina kamili pamoja na asili yake: "madodoki makavu, yaliyobanduliwa ganda na kutolewa mbegu", au "sifongo ya baharini, kavu".

2. Ataje kipimo. Madodoki ni mepesi mno, hivyo ni afadhali yauzwe kwa idadi na urefu kuliko kwa kilo. Sifongo nayo hunywa maji mengi. Ikipimwa ikiwa mbichi, uzito utawadanganya wote wawili, muuzaji na mnunuzi.

3. Mnunuzi akitumia neno jingine, aombwe sampuli. Sampuli hiyo itiwe alama na itunzwe ghalani pamoja na nakala ya mkataba.

Kabla ya kutia sahihi, katibu ausome mkataba mbele ya kamati na aonyeshe kitu chenyewe kinachouzwa. Mwanachama aliyekilima ndiye atakayetambua mapema zaidi kama jina lililoandikwa ni lake.