Utangulizi: Kusoma Jazi kwa Kufuata Kazi ya Mpiga Piano

Msomaji wa Afrika Mashariki haingii katika taaluma ya jazi akiwa mgeni kabisa. Jina lenyewe amelisikia tangu utotoni: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz. Bendi hizo zilipiga muziki wa dansi uliokaribiana zaidi na rumba kuliko jazi ya New Orleans, Marekani. Hata hivyo, aliyewahi kumsikiliza mpiga gitaa la solo akirefusha wimbo ukumbini, na kesho yake akaurefusha kwa namna nyingine, tayari ana swali la msingi la taaluma hii: wimbo hutungwa lini, na hutungwa na nani?

Mtafiti wa Beethoven huanza na karatasi iliyoandikwa noti zote. Mtafiti wa jazi aghalabu hukuta karatasi yenye kiini cha wimbo na alama chache za kumwongoza mpigaji; mengine yote huzaliwa mikononi, papo hapo. Kwa hiyo sisi husoma watu. Twauliza: huyu alijifunza kwa nani, alipiga na nani, alibadilika lini, na nani alimlipa? Ndiyo sababu napendekeza mwanafunzi achague mpigaji mmoja na kuifuata kazi yake tangu mwanzo hadi mwisho. Katika kitabu hiki nimemchagua mpiga piano Randy Weston, aliyezaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1926 na kufariki mwaka 2018.

Tuanze na walimu. Baba yake, mfuasi wa Marcus Garvey, mtetezi wa umoja wa watu weusi, alimlea akijua kuwa yeye ni Mwafrika aliyezaliwa Marekani. Rafiki yake wa ujanani, mpiga besi Ahmed Abdul-Malik, alimzoesha muziki wa Kiarabu na zile sauti zinazopita katikati ya noti mbili. Mpenzi wa taarabu anazijua sauti hizo kutoka kwenye udi. Piano haina nafasi hiyo: vibonye vyake 88 vimekwisha kupangiwa sauti, na kati ya kimoja na jirani yake hakuna kitu. Weston alipomsikia mpiga piano Thelonious Monk alipata jibu. Monk alibonyeza vibonye viwili vilivyopakana kwa pigo moja, sauti zikagongana, na sikio likahisi kuna ya tatu baina yao. Msikilizaji wa haraka atadhani kidole kimeteleza. Kazi yetu ni kuonyesha kwamba hakikuteleza.

Kisha tuwatazame wenzake. Mwaka 1960 Weston alirekodi *Uhuru Afrika*, utungo wa sehemu nne uliopigwa na kundi kubwa, mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilipata uhuru. Maneno yaliandikwa na mshairi Langston Hughes. Babatunde Olatunji wa Nigeria alikuwa miongoni mwa wapiga ngoma. Katika sehemu ya kwanza, iitwayo “Uhuru Kwanza”, Tuntemeke Sanga wa Tanganyika anasikika akisoma kwa Kiswahili, mwaka mzima kabla nchi yake haijawa huru. Serikali ya makaburu wa Afrika Kusini iliipiga marufuku santuri hiyo.

Jalada hubeba jina la Weston, lakini aliyeamua tarumbeta ziingie wapi na saksafoni zijibu nini ni Melba Liston, mpiga tromboni na mpangaji wa muziki aliyeshirikiana naye kwa miongo kadhaa. Kwa muda mrefu historia ya jazi iliandikwa kwa kuhesabu majina ya kwenye majalada, na wanawake kama Liston wakabaki pembeni. Kuwarudisha mahali pao ni miongoni mwa kazi zinazomsubiri mtafiti kijana.

Mwisho tuulize habari ya pesa. Mwaka 1967 Weston alizuru Afrika kwa gharama ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, iliyotumia jazi kujitafutia marafiki wakati wa vita baridi. Ziara ilipokwisha akahamia Moroko, akafungua klabu mjini Tangier na kushirikiana na wanamuziki wa Kignawa, ambao asili yao ni watu waliovushwa Sahara wakiwa watumwa. Alichojifunza kwao kimo katika *Blue Moses* ya mwaka 1972. Santuri hiyo iliuzwa sana, ilhali mwenyewe hakuridhika nayo, kwa kuwa mtayarishaji alitaka apige piano ya umeme. Basi mauzo ni ushahidi wa soko. Hayatuambii peke yake mpigaji alikusudia nini.

Ili kuingia katika taaluma hii, si lazima ujue kusoma noti tangu siku ya kwanza. Hilo utajifunza njiani. Kinachotakiwa ni sikio lenye subira. Zoezi la kwanza ni hili: tafuta “Hi-Fly”, wimbo ambao Weston aliurekodi mara nyingi, usikilize katika rekodi mbili zilizopishana miaka mingi, kisha uandike ukurasa mmoja. Mkono wa kushoto umebadilisha nini? Amenyamaza wapi ambapo zamani alipiga? Ukiwa na ukurasa huo mkononi, fungua sura ya kwanza.