Kwa nini bomba la jikoni huziba?

Mwezi Septemba mwaka 2017, wafanyakazi wa majitaka waligundua chini ya mtaa wa Whitechapel, mashariki mwa London, pande gumu la mafuta na takataka lenye urefu wa mita 250 na uzito uliokadiriwa kufikia tani 130. Kulivunja kulichukua wiki kadhaa.

Asili yake ilikuwa majikoni na vyooni. Samli na mafuta ya nyama humiminika yakiwa moto, lakini yafikapo katika bomba lenye baridi huganda na kushikamana na kuta zake. Hata mafuta ya kukaangia sambusa huacha utando unaonata. Kadiri muda unavyopita, mafuta hayo huchanganyika na kalsiamu iliyomo majini na katika saruji ya mifereji, yakawa kitu kigumu mfano wa sabuni. Punje za wali, majani ya chai na vitambaa vya kufutia watoto hunasa hapo.

Wengi hudhani maji ya moto ni dawa. Kwa hakika huyasogeza mafuta mbele tu, ambako hupoa na kuganda tena. Katika majumba ya ghorofa, bomba kuu likiziba, uchafu wa jirani wa juu huibukia katika sinki la jirani wa chini.

Kinga ni nyepesi. Mafuta yakishapoa, yamiminwe katika kopo na kutupwa pamoja na taka. Sufuria ipanguswe kwa karatasi kabla ya kuoshwa, na tundu la sinki liwekewe kichujio. Chooni pasitupwe vitambaa.