Je, Wajua? Baiskeli ya Kukunja na Msafara Wake

Je, wajua kuwa Brompton, baiskeli ya kukunja inayojulikana sana Uingereza, imepata jina lake kwa kanisa? Mwaka 1975 mhandisi Andrew Ritchie alianza kuibuni chumbani kwake London, na kutoka dirishani alikuwa akiliona kanisa la Brompton Oratory.

Je, wajua kuwa ina mashindano yake ya dunia, na kwamba bila koti, shati la kola na tai hushindani? Yalianza Barcelona mwaka 2006. Baiskeli hupangwa zikiwa zimekunjwa. Ishara ikitolewa, watu huzikimbilia kwa miguu, tai zikipepea, kila mmoja akaikunjua yake ndipo apande. Mwenye miguu mizito lakini mikono myepesi anaweza kuondoka kabla ya bingwa wa mbio. Ndiyo sababu nayapenda: ustadi wa kukunjua nao unahesabiwa.

Je, wajua kwa nini tai na suti hazichafuki? Gurudumu la nyuma huingia chini ya fremu, la mbele likaja ubavuni, na mnyororo wenye grisi ukabaki katikati ya magurudumu mawili. Usukani hulazwa kando. Mwisho hushushwa kiti, na nguzo yake ndiyo inayozuia baiskeli isikunjuke. Kwa mzoefu, kazi yote haizidi sekunde 20 hivi.

Je, wajua kuwa magurudumu yake ya kawaida ni ya inchi 16 tu? Usimhurumie mpandaji. Gia ya mbele ina meno mengi na ya nyuma machache, hivyo gurudumu huzunguka mara nyingi zaidi kwa kila mkanyago. Katika msafara anakwenda sambamba na wenye baiskeli kubwa.

Je, wajua kuwa mafundi wanaochomelea fremu hizo kwa mkono hugonga alama zao kwenye viungo? Mwenye baiskeli akiipindua, ataziona alama za walioiunda.

Je, wajua kuwa wanajeshi waliitangulia Brompton kwa baiskeli za kukunja? Kapteni Gérard wa jeshi la Ufaransa alishughulikia baiskeli ya kukunja miaka ya 1890. Katika Vita vya Pili vya Dunia askari wa miavuli wa Uingereza walipewa za kampuni ya BSA.

Je, wajua kuwa treni za chini ya ardhi za London huipokea baiskeli ya kukunja saa zote ikiwa imekunjwa, ilhali ya kawaida huzuiwa saa za msongamano? Singapore nako inakubaliwa, mradi ikikunjwa isizidi sentimita 120 kwa 70 kwa 40. Hapa ndipo ilipo siri ya misafara ya wapenzi wa baiskeli hizi. Mvua ikishika, au goti likiuma katikati ya safari, mtu anakunja, anaaga, anapanda treni. Wenzake wanaendelea bila wasiwasi juu yake. Basi hata mzee na mgeni wa baiskeli hukubali mwaliko, kwa kuwa hawafungwi na safari nzima. Kiongozi hukaa mbele, mwingine hufunga mkia, na mwendo hupimwa kwa aliye nyuma. Wakifika mkahawani, baiskeli huingia chini ya meza, na mazungumzo yanaendelea pale yalipokatizwa na taa za barabarani.

Ukialikwa, nenda. Ila jizoeze kuikunja nyumbani kwanza, mpaka mikono ikariri yenyewe.