"To borrow" au "borrowing"? Kwa makatibu wa vikundi



Tangu Katiba ya 2010, Kiswahili na Kiingereza zote ni lugha rasmi za Kenya. Lakini barua nyingi za vikundi vyetu hapa Meru na Embu bado zaandikwa kwa Kiingereza, na hapo katibu hupata taabu.

Sisi tuna "kukopa". Ni kitenzi, na ni jina pia: twasema "kukopa kwingi kunatuumiza". Kimeru na Kiembu ni vivyo hivyo, ku- au gu- mbele, basi. Kiingereza kimeligawa mara mbili: "to borrow" na "borrowing". Pengine hakuna tofauti kubwa. "We like to save" na "we like saving", sawa tu.

Shida iko kwa "stop". Tuseme kikundi kimemaliza deni, kinaandikia benki kuwa wanachama wameacha kukopa. Katibu anafuata Kiswahili chake, anaandika "We stopped to borrow". Afisa atasoma: tulisimama ili tukope! Ilitakiwa "We stopped borrowing". Kwa hivyo ukiandika "stop", jaribu kutia "ili". Ikikubali, weka "to". Ikikataa, weka -ing.

"Remember" ina yake. "Remember to pay": kumbuka kulipa, deni bado lipo. "I remember paying": nakumbuka nililipa. Huyo anasema amemaliza, na mweka hazina atafute risiti.

Baada ya "after" na "without" usihangaike, ni -ing tu: "after paying", "without paying".