Dawa ya Safura Iliyokuwa Sumu

Kiko kimiminika kiitwacho kaboni tetrakloridi. Kwa macho chafanana na maji safi, lakini ni kizito kupita maji, na harufu yake ni tamu kidogo. Hakishiki moto. Kikimwagwa juu ya doa la mafuta, mafuta huyeyuka, kisha chenyewe hutoweka hewani. Kwa hiyo zamani madobi wa mijini walisafishia nguo za sufu pasipo maji, mafundi waliondolea grisi vyumani, na wengine walikitia katika vyombo vya kuzimia moto.

Tena kilikuwa dawa. Katika nchi za joto na mvua, kama hizi zetu za Gwarama na Buha yote, mnyoo wa safura huingia mwilini kwa nyayo za mtu asiyevaa viatu. Hukaa tumboni na kunyonya damu, hata mtu hupauka na kukosa nguvu. Mwaka 1921 Maurice Hall wa Marekani alitangaza ya kuwa kimiminika hiki huua minyoo hiyo. Watu wengi wa nchi za joto walinyweshwa, wakapona. Lakini wengine walikufa, hasa walevi, na waganga walipowachunguza waliona ini limeharibika. Kumbe kilichomwua mnyoo kiliweza kumwua na mwenye mnyoo! Basi kikaachwa, siku hizi wanafunzi hupewa vidonge vya albendazole, vilivyo salama zaidi.

Hatari yake ni hii. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, nao hutuama chumbani mnamofungwa madirisha. Auvutaye hushikwa na kizunguzungu na kichefuchefu. Baada ya siku chache ini na mafigo huweza kushindwa kazi. Pombe huzidisha madhara. Nao ukipatwa na moto mkali, huzaa fosjeni, hewa ya sumu iliyoua askari katika vita ya 1914–1918. Hivyo aliyezima moto kwa kimiminika hiki ndani ya chumba aliweza kujiua mwenyewe.

Leo kimepigwa marufuku kwa kazi nyingi, lakini vimiminika vya jamaa yake vingali katika karakana. Basi, watoto, msinuse chupa msiyoijua, wala msitie maji ya kunywa katika debe lililokuwa na dawa ya kuondolea grisi, hata likioshwa mara saba. Weupe wa maji si usafi wake.